Mabati ya Mama Skola

Doto alinipigia simu nikiwa nakata suruali ya mteja. Akasema, "Mama mdogo, bibi katutoka." Kijana kama yeye ana mabibi wengi wa kupewa, ningeweza kuuliza bibi yupi, lakini sikuuliza. Nilitua mkasi juu ya kitambaa nikamwambia nakuja. Mteja wangu, mwalimu mmoja mwenye haraka zake, akataka kujua suruali itakuwa tayari lini. Nikamjibu kwamba nimefiwa na mama yangu, na hilo halikuwa uongo, hata kama mama aliyenizaa alikuwa ametangulia siku nyingi. Kesho yake alfajiri nilipanda basi la kutoka Sumbawanga kwenda Mpanda, nikakaa dirishani, na njia nzima sikumsemesha mtu. Wanaonijua wanajua hiyo si kawaida yangu.

Msiba ulikuwa mtaa wa Shanwe, kwenye uwanja wa nyumba ambamo marehemu, Mama Skola, alikuwa amepanga chumba kimoja. Nalisema hili mapema lisije likamshtua mtu baadaye: mwanamke aliyewapatia watu wengi pa kulala amekufa akiwa mpangaji. Liliniudhi. Nilifika na hasira zangu kifuani, nikitafuta wa kumlaumu, nikakuta watu wamejaa hadi barabarani. Wanawake walikuwa wamebandika masufuria ya maharage kwenye mafiga, wanaume wamekaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani, na kila baada ya muda anafika mtu na mzigo wake kichwani, huyu kuni, huyu unga, yule mkungu wa ndizi. Pembeni, kwenye ukuta wa choo, yalikuwa yameegemezwa mabati chakavu, mengine yameliwa na kutu hadi katikati. Msichana mmoja aliyekuwa anaosha vyombo alisema, "Sijui nani kaleta hizi takataka msibani." Nikaenda kuyashika. Kila bati lilikuwa na vitundu vya misumari ya zamani, na kila kitundu kimezibwa kwa lami na kipande cha kandambili, cha buluu hapa, chekundu pale. Kimoja cha kijani nilikijua. Kilitoka kwenye kandambili yangu mwenyewe.

Habari za nilikozaliwa na nani alinilea nitaziruka, maana mwaka ninaotaka kuusimulia hazikunisaidia chochote. Nilikuwa na cherehani, chumba cha kupanga hapo hapo Shanwe, na mdomo. Mpanda ndiyo kwanza ilikuwa imefanywa makao makuu ya mkoa. Kabla ya hapo ulikuwa mji wa mwisho wa reli, mtu anashuka kwenye treni kutoka Tabora na hana pengine pa kwenda. Sasa wakaanza kuingia watumishi na magodoro yao mapya, wanatafuta vyumba, na wenye nyumba wetu wakaanza kutuangalia kama mwenye duka anavyouangalia mzigo usiotoka. Nyumba niliyokuwamo haikuwa na dari. Kuta ziliishia juu kidogo ya milango, na neno likisemwa chumba cha mwanzo lilipita juu ya vyumba vyote kabla ya kutoka nje. Nilijua nani hana chumvi, nani kagombana na mkewe, nani anasali kwa maneno mengi. Na ndivyo nilivyomsikia mwenye nyumba, nikiwa nashona sare za shule, akimwambia jirani yangu Mama Kulwa, "Mama, mimi sina ubaya na wewe. Ila kuna mtumishi anataka vyumba viwili kwa pamoja, na analipa mwaka mzima." Mama Kulwa akajibu kwa sauti ndogo, "Baba, mvua ziko karibu. Niache zipite." Yule baba akasema, "Mvua hazinilipi." Nilisimamisha cherehani. Hata leo nikilikumbuka neno lile mguu wangu unaacha kukanyaga.

Huyu Mama Kulwa alikuwa Msukuma, watu wake waliingia Katavi na ng'ombe wakati yeye akiwa mtoto wa kubebwa. Mumewe alikwenda machimboni kutafuta dhahabu, mwanzoni akawa anapiga simu, baadaye akaacha. Alibaki na mapacha wake wa kiume, Kulwa na Doto, ambao walikuwa hawajaanza shule, na sinia la mchicha na nyanya chungu alilozungusha mitaani. Vitu vyake vilipotolewa nje nilimwambia ahamie kwangu. Chumba changu kilikuwa kitanda, cherehani, na njia ya kupita katikati. Watoto walilala chini ya meza ya cherehani na asubuhi wanaamka na vipande vya nyuzi kichwani. Tulikula ugali na mlenda kwenye sahani moja, tukacheka sana, maana Mama Kulwa alikuwa na uwezo wa kumwigiza mwenye nyumba hadi kikohozi chake. Kumbe kile kicheko kilipita juu ya kuta. Mwenye nyumba akanijia mlangoni: "Chumba hiki nilimpangisha mtu mmoja." Nilimjibu jibu ambalo sitaliandika hapa. Mama Kulwa, kwa kuogopa nisije nikatolewa na mimi, akafunga mizigo yake akasema amepata pa kukaa kwa ndugu yake upande wa pili wa mji.

Hakukuwa na ndugu. Aliponiletea shati la Doto nilitie kiraka, lilinuka dagaa, la Kulwa hivyo hivyo. Nikamuuliza huyo ndugu anauza dagaa? Ndipo akasema kweli. Walikuwa wanalala sokoni, kwenye meza za wauza dagaa, watu wakifunga biashara wao ndio wanatandika, na kabla wenye meza hawajafika wanakuwa wameshakunja. Nilikasirika nikamgombeza, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Halafu nikamshika mkono nikampeleka stesheni kwa Mama Skola, ambaye nilikuwa nimemsikia tu kwa wateja wangu. Walimwita mama wa mabati na wengine walilisema jina hilo kwa kubeza.

Mama Skola alikuwa mama ntilie, Mfipa, mfupi, mwenye miwani ambayo mkono wake mmoja ulikuwa uzi. Kibanda chake kilikuwa hatua chache kutoka relini. Alipika ugali na migebuka ya ziwani aliyoikaanga kwanza kisha akaichemsha na nyanya, na mboga ya maboga iliyoungwa kwa karanga, na mtu akimaliza sahani alikuwa anamwangalia usoni kujua kama ameshiba, siyo mfukoni. Alituona tumesimama, akawaangalia watoto, akapakua. Hakuuliza kitu. Tulipomaliza, Mama Kulwa akaanza ile hotuba ambayo kila mtu mwenye shida huwa ameiandaa njiani: "Mama, nimekuja kwako kuomba msaada." Mama Skola akamkatiza. "Msaada sina, mwanangu. Nina mabati." Akasukuma ungo wa karanga katikati yetu. "Menyeni huku tunaongea."

Hiyo ndiyo ilikuwa staili yake ya vikao, na nimehudhuria vikao vingi maishani vya watu wenye viti vizuri zaidi, sijaona vilivyozaa kama vile. Kila mchana, wateja wakipungua, watu wake walikusanyika kibandani, na hakuna aliyeruhusiwa kuongea mikono ikiwa mitupu. Kulikuwa na karanga za kumenya, mchele wa kuchambua, majani ya maboga ya kutoa nyuzi. Alisema mtu mwenye kazi mkononi hapayuki ovyo. Aliyepandisha sauti alipewa sufuria la ugali lililoshika akalisugue, na usiniulize mimi nililisugua mara ngapi. Fundi Ayubu, Mmanyema wa Kigoma mwenye vichekesho vya kila aina, alikuwa ananiwekea mchanga wa kusugulia kabla hata sijafungua mdomo. "Dada Vene anataka kuchangia hoja," anasema, na watu wote wanacheka.

Ayubu ndiye aliyetueleza namna walivyofanya kazi. Mpanda ilikuwa imejaa mapagale, nyumba zilizoanzwa na watu wa mbali, wafugaji wa Mpimbwe, wafanyabiashara wa samaki wa ziwani, mtu anajenga kuta anaishiwa, anaondoka, nyumba inabaki wazi miaka na miaka inaota majani ndani. Mama Skola aliwaendea wenyewe, mmoja mmoja. Hakwenda peke yake wala hakwenda na hotuba. Alikwenda na yule mtu atakayekaa mle, na chakula, wakala pamoja. Makubaliano yalikuwa ya mdomo. Mwenye pagale anatoa vyumba viwili, kikundi kinaviezeka kwa mabati yake na miti yake, mtu anakaa, analinda, anafyeka, walevi na nyoka hawaingii. Siku mwenyewe akiitaka nyumba yake, mabati yanashushwa na kuhamia kwingine. Bati la kwanza kabisa lilikuwa paa la kibanda chake mwenyewe. Kiangazi kimoja alilishusha akamwazima mjane mmoja, yeye akapika juani na kanga kichwani hadi wateja wakaona aibu, wakaanza kuleta, huyu bati kuukuu, huyu misumari iliyonyooshwa, huyu kandambili zilizokatika. Kwa sababu bati lililong'olewa lina matundu, na tundu linazibwa kwa raba ya kandambili. Mimi nilikuja kuwa mkata raba wao, kwa sababu nilikuwa na mkasi mzuri.

Mama Kulwa alipatiwa pagale la Shabani, mfanyabiashara wa migebuka kutoka Kapalamsenga. Tulimfuata alipofikia mjini, tukamkuta anapanga samaki kwenye matenga, akatusikiliza huku anapanga. Mama Skola alimpenda papo hapo kwa sababu hakuacha kazi. Akamwangalia Mama Kulwa, akawaangalia watoto, akasema, "Sawa. Ila mimi naondoka na gari sasa hivi. Shemeji yangu atawaonyesha." Na shemeji yake alitukuta njiani Shanwe akiwa anasukuma baiskeli yenye gunia la pumba lililompita kimo, mikono yote miwili imeshika usukani. Akasimama barabarani, akapeleka mdomo upande wa mapagale mawili yaliyokuwa yamekaa pamoja kwenye nyasi, kama sisi watu wa huku tunavyoelekeza mtu tukiwa na mzigo, akasema, "Ile pale," akaendelea zake. Mapagale yale yalijengwa na fundi mmoja, matofali ya kuchoma ya tanuri moja, madirisha yanalingana, hadi mpapai ulikuwa umeota katikati yake. Ayubu akaelekea la kushoto, na sisi wote tukamfuata. Hakuna aliyeuliza. Mdomo wa mtu umekwisha kuelekeza, utauliza nini tena?

Tuliezeka siku moja tu, kwa paa la upande mmoja, miti imelazwa na mabati juu. Wanawake walichota maji na kukandika pale matofali yalipoachana, wanaume juu wanagonga. Nilimshonea Mama Kulwa pazia la mlango kwa vipande vya sare za shule za rangi zote, na juu ya pazia likawekwa jamvi la kuzuia upepo. Alifagia vile vyumba hadi udongo ukang'aa. Watoto walipata kona yao, wakaweka humo mawe yao na kopo la gari. Siku ile nilipokwenda kumtembelea akanipikia kisamvu cha karanga, akaninawisha mikono kwa ndoo na kikombe kama mgeni wa heshima, akasema, "Karibu kwangu." Alilirudia neno hilo, kwangu, akicheka kidogo, halafu akageuka kukoroga mboga ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Halafu akaja mzee Masanja. Ulikuwa mchana, wingu limeshaanza kusimama upande wa ziwa, na mimi nilikuwa pale nikipunguza pazia. Mzee mrefu, koti kubwa jeusi, makobazi ya tairi, fimbo mkononi, na nyuma yake bwana mmoja mwenye viatu vilivyong'aa aliyeacha gari lake barabarani. Mzee akasimama kwenye nyasi anaangalia paa. Mama Kulwa akatoka, akampigia goti na kumsalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, bhabha," na mzee akaitikia, kwa sababu salamu haikataliwi, lakini macho hayakutoka kwenye mabati. Yule bwana akasema, "Mzee, uliniambia haina mtu." Mzee akasema, "Haina mtu." Akatazama tena. "Haikuwa na mtu."

Nilikimbia stesheni. Mama Skola akaja na mwiko bado mkononi, na nyuma yake Ayubu na watu wote wa kumenya karanga. Akaangalia pagale la kushoto, akaangalia la kulia, akakaa juu ya tofali. "Ayubu, shemeji yake Shabani alipeleka mdomo wapi?" Ayubu akasema, "Huku." Mwanamke mmoja akasema, "Mimi niliona kama kule." Mwingine akasema yeye aliona gunia tu. Mama Skola akafunika uso kwa kanga, nikadhani analia, kumbe anacheka, kicheko cha mtu aliyekwisha. Kisha akaenda mbele ya mzee Masanja akamwambia bila kuzunguka: "Mzee wangu, tumekosea nyumba. Tulipewa ya jirani tukaezeka yako. Tusamehe." Mzee akaeleza kwa ufupi kwamba ametoka Kasansa, huko Mpimbwe, ng'ombe wake wameisha kwa ugonjwa, na nyumba hii ndiyo iliyobaki ya kuuza ili aanze tena. Bwana yule alitaka nyumba tupu, na alitaka kuiona siku ile. "Mimi sina ugomvi na nyie," mzee akasema. "Lakini nyumba yangu naitaka."

Nikamvuta Mama Skola pembeni. Mdomo wangu ulikuwa umeshawaka. Nikamwambia mvua hiyo hapo, watoto hao hapo, huyu mzee amekaa miaka bila kuikumbuka nyumba yake, amsihi asubiri siku mbili tatu, mvua ipite. Akanitazama juu ya ile miwani. "Mama Kulwa alimwambia mwenye nyumba wenu maneno hayo hayo." Nikasema ndiyo, na tukaona majibu yake. "Alikuwa mpangaji, Vene. Alikuwa na haki ya kuyasema. Humu hana." Kisha akaingia ndani kwa Mama Kulwa, na mimi nikabaki nje ya lile pazia nililolishona mwenyewe nikisikia kila neno. Alisema, "Mwanangu, tukimkatalia huyu mzee, hakuna mtu atakayetupa pagale tena mji huu, na kuna wenzako wanangoja. Nikikutoa, mvua inaweza kukukuta nje. Sina neno la kukufariji. Unasemaje?" Nilisikia watoto wanabishana juu ya kopo lao. Halafu Mama Kulwa akasema, "Nilipotolewa kule, hakuna aliyeniuliza nasemaje." Nikasikia anasogeza sufuria. "Shusheni."

Ayubu alipanda bila kichekesho chochote. Misumari ilianza kulia, bati la kwanza likashuka, na mwanga ukaingia mle chumbani juu ya kitanda cha kamba na sufuria na mawe ya watoto. Nilikuwa nalia na sikujificha. Tulikuwa tumeshusha karibu yote, vitu vimekusanywa katikati ya chumba ili vihamishiwe la pili, mvua ikafika. Haikutoa taarifa, ilikuja na upepo wake na matone makubwa yanayouma. Hakukuwa na pa kukimbilia, pagale la Shabani lilikuwa wazi vile vile. Sikumbuki nani alianza. Nafikiri alikuwa Mama Skola, ingawa kila mtu pale atakuapia ni mwingine. Bati likainuliwa kichwani juu ya watoto na godoro, wawili huku, wawili kule, likafuata la pili likapandana nalo, la tatu, hadi watu wote waliokuwepo wakawa wamesimama ndani ya zile kuta wamenyoosha mikono juu, na katikati yao Mama Kulwa amekaa kitandani amewakumbatia mapacha, wakavu. Maji yalitushuka kwenye mikono hadi kwapani. Kelele ya mvua juu ya mabati ilikuwa kubwa, huwezi kusikia mtu. Bwana wa viatu alikuwa ameshakimbilia garini. Mzee Masanja alibaki mlangoni analowa na koti lake, anatuangalia, kisha akainama akaingia, akasimama karibu na mimi ambako bati lilikuwa linayumba kwa ufupi wangu, akaliinua kwa fimbo yake.

Tulisimama hivyo mpaka ilipokatika. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi. Mzee akashusha fimbo, akauliza, "Nyie ni watu wa namna gani?" Mama Skola akakamua kanga yake. "Wapangaji, mzee." Akafikiria jibu hilo, akavua koti, akalitundika kwenye mpapai. "Haya, nyumba yenyewe ni ipi?" Tukamwonyesha pagale la kulia, safari hii kwa kidole. Alikuwa na nguvu kuliko alivyoonekana, na alikuwa na ubishi. Alimwambia Ayubu kwamba mteremko wa paa lake ni wa kuku kulala, wakagombana juu ya miti hadi jua lilipotoka tena, na mteremko ukaongezwa. Mama Kulwa alipika mle ndani jioni ile ile, dagaa na ugali, na mzee Masanja akala nasi akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, wanaongea Kisukuma na Mama Kulwa kuhusu malisho ya mahali ambapo mimi sijawahi kufika.

Hakutupa nyumba, msije mkadhani. Aliiuza kwa yule bwana wiki hiyo hiyo, na alifanya sawa, alikuwa na watoto wake. Lakini aliporudi Mpimbwe aliwaambia wenzake kwamba Mpanda kuna watu ukiwaambia hii ni yangu, wanashusha paa lao wenyewe mvua ikiwa kichwani. Kiangazi kilichofuata wakaja wafugaji, wengine na fimbo zao, wakamtafuta mama wa mabati stesheni, wakakaa wakala migebuka, wakasema wana pagale huku, wana pagale kule, afadhali likae na mtu. Waliokuwa wanalala sokoni, na hawakuwa wachache, wakaanza kupungua. Mama Kulwa alikaa kwa Shabani hadi mapacha walipokuwa wanasoma, na Shabani alipoitaka nyumba yake walishusha, yeye mwenyewe akiwa juu na nyundo. Wakati huo alikuwa ameshapata kiwanja chake nje kidogo ya mji, akajenga taratibu, chumba baada ya chumba.

Nimekaa na watu wengi wanaozungumza juu ya maskini. Wengi ni watu wazuri. Lakini sijaona tena mtu kama Mama Skola, aliyeweza kumuuliza mwanamke asiye na kitu "unasemaje?" na kungoja jibu kweli kweli, hata kama jibu lingemharibia kila alichojenga. Nilihama Mpanda mwaka uliofuata, kwa kufuata ndoa, na hiyo ni habari nyingine isiyo na utamu. Kila nilipopita kumsalimia nilimuuliza lini atajenga chake. Alinicheka. "Nikijenga nitaanza kuogopa wezi wa mabati," alisema, akanisogezea ungo wa karanga.

Tulimzika siku ya pili yake alasiri. Jeneza lilipopakiwa kwenye gari nikaona Kulwa, ambaye sasa ni fundi wa paa, ndevu ndiyo kwanza zinamwota, anapakia yale mabati ya ukutani kwenye gari la nyuma. Nikamuuliza yanakwenda wapi. "Makaburini," akasema. "Bibi alisema mwenyewe. Alisema mvua za mwezi huu hazina adabu. Tukitoka huko yanakwenda kwa mama mmoja ana watoto, alikuwa anangoja, na bibi alikuwa ameshakubaliana na mwenye pagale." Nikauliza kama safari hii wameonyeshwa vizuri. Akacheka huku macho yamejaa machozi. "Tulipelekwa hadi mlangoni, mama mdogo."

Tulikuwa hatujafika mbali na sala mvua ilipoanza. Katekista akafunga kitabu chake ndani ya koti. Udongo mwekundu uliorundikwa kando ukaanza kutiririka kurudi shimoni, na watu wakaangaliana, kwa sababu kumshusha mtu kwenye maji hakuna anayetaka, na kumrudisha nyumbani hakuna anayetaka vile vile. Mama Kulwa, nywele zimeanza mvi sasa, akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Leteni." Mabati yakapita juu ya vichwa vya watu, mkono kwa mkono, hadi kaburini. Kulwa na Doto wakashika la kwanza, Ayubu na ule mgongo wake wa uzee akashika la pili, watu nisiowajua, walioishi kwenye mapagale nisiyoyajua, wakashika mengine. Yule msichana aliyeyaita takataka alikuwa ameshika moja kwa mikono miwili, kutu imemchafua hadi kwenye viwiko. Na mimi nikapata kona yangu, ile yenye kipande cha kijani. Chini yetu shimo likatulia, likawa kavu, na wanaume wakaanza kumshusha taratibu kwa kamba. Mikono ilikuwa inaniuma na nilikuwa sioni vizuri kwa machozi. Kulwa akanigeukia.

"Mama mdogo, inua kidogo upande wako. Maji yanaingia."

Nikainua.